Talaka imepita, watoto wamekua: jinsi ya kuomba mahakama ibadilishe amri ya malezi na matunzo

Mahakama inapovunja ndoa hutoa talaka, hugawa mali zilizochumwa pamoja, na huamua watoto wakae na nani na nani atoe nini kwa matunzo yao. Watu wengi hutoka mahakamani siku hiyo wakiamini kwamba yote matatu yamekwisha kabisa. Kwa talaka na mali ni kweli kwa kiasi kikubwa: asiyeridhika anakata rufaa ndani ya muda uliowekwa, na muda ukipita mambo yanabaki yalivyo. Kwa watoto sivyo. Mtoto aliyekuwa ananyonya siku ya hukumu leo yuko darasa la sita, na sheria inajua hilo.

Kifungu kinachohusika ni cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo sasa ni Sura ya 29 ya sheria za Tanzania. Kinasema mahakama inaweza, wakati wowote na mara kwa mara, kubadilisha au kufuta amri ya malezi au ya matunzo ya mtoto, mtu yeyote mwenye maslahi akiomba, iwapo itaridhika kwamba amri ya kwanza ilitokana na maelezo ya uongo au kosa kuhusu ukweli wa mambo, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa tangu amri itolewe.

"Wakati wowote" maana yake hakuna tarehe ya mwisho kama ilivyo kwenye rufaa. "Mara kwa mara" maana yake amri iliyobadilishwa mwaka huu inaweza kubadilishwa tena baada ya miaka mitatu ikibidi. "Mtu yeyote mwenye maslahi" maana yake si baba na mama peke yao, na hilo tutalirudia tukifika kwa bibi.

Ni vizuri kutenganisha jambo hili na rufaa tangu mwanzo, maana watu huzichanganya na kupoteza miezi. Anayekata rufaa anasema hakimu alikosea siku ile. Anayeomba mabadiliko anasema huenda hakimu alikuwa sahihi siku ile, lakini leo si siku ile. Ukienda kuomba mabadiliko kisha ukatumia nusu saa kulalamika kwamba hukumu ya kwanza ilikuonea, unajibu swali ambalo hujaulizwa.

Hali ikibadilika, nini kinahesabika?

Sheria haikuweka orodha. Imemwachia hakimu apime. Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina ambayo mtu wa Tumbi ataitambua. Mama na baba waliachana mwaka 2017, mtoto akiwa na miaka miwili. Baba alikuwa dereva wa lori, amri ikawa atoe shilingi 60,000 kwa mwezi na mtoto akae na mama. Leo mtoto ana miaka zaidi ya kumi, anapanda daladala kwenda shule, anakula mchana huko huko, na mwaka jana alilazwa Hospitali ya Tumbi. Shilingi 60,000 za 2017 hazinunui leo kile zilichonunua wakati ule. Mama ana hoja: mahitaji ya mtoto yamepanda na thamani ya pesa imeshuka.

Sasa geuza upande wa pili. Baba huyo huyo gari limepata ajali, amevunjika mguu, tajiri amempa gari mtu mwingine. Sasa anauza vocha na soda pale Mailimoja. Naye ana hoja, na ni ya kisheria kabisa. Kwa bahati mbaya wengi walio katika hali yake hawaendi mahakamani. Wananyamaza, wanaacha kulipa na kubadilisha namba ya simu. Hapo ndipo wanapojiharibia, kwa sababu amri ya zamani haijui kwamba mguu umevunjika. Inaendelea kuhesabu 60,000 kila mwezi mpaka siku hakimu atakapoandika kiasi kingine, na kila mwezi usiolipwa ni deni. Mwezi wa kwanza kazi inapokwisha ndio mwezi wa kwenda kuomba.

Mambo mengine yanayoweza kutosha ni mzazi anayekaa na mtoto kuugua kwa muda mrefu au kufungwa, mzazi kuhamia mbali, mtoto kupata ulemavu au maradhi yanayohitaji matibabu ya kudumu, mtoto kupigwa au kunyanyaswa kwenye nyumba anayoishi, au mzazi mwenye kulipa kupata kazi bora zaidi kuliko aliyokuwa nayo. Mzazi kuoa au kuolewa tena, peke yake, si sababu ya kumhamisha mtoto. Mahakama itauliza ndoa hiyo mpya imemletea nini mtoto. Kama baba wa kambo anamtesa, au mama wa kambo anamnyima chakula, hilo ndilo la kueleza, pamoja na ushahidi wake. "Ameolewa na mtu nisiyempenda" haitoshi.

Sababu ya pili ya kifungu cha 133, ya uongo au kosa, hutumika mara chache lakini ipo. Mzazi aliyeapa kwamba hana kazi huku akipokea mshahara kiwandani amejenga amri juu ya uongo. Ukipata hati ya mshahara wake wa kipindi kile, huhitaji kuthibitisha kwamba hali imebadilika. Inatosha kuonyesha kwamba hali haikuwa kama mahakama ilivyoambiwa.

Lile jambo la miaka saba

Kuanzia Kiluvya mpaka Mlandizi, na vijijini Kisarawe, utasikia watu wakisema kwa uhakika: mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Baba anakuja siku ya kuzaliwa au likizo ya Desemba, anafunga mizigo ya mtoto, na mama anaamini hana la kufanya. Imani hii imewaondoa watoto wengi majumbani mwao, na haimo katika sheria.

Kilichoandikwa katika kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imerudia hivyo hivyo katika kifungu cha 26. Hakuna sentensi inayosema kwamba akitimiza saba anahamia kwa baba. Kinachotokea akitimiza saba ni kwamba mama hana tena ile dhana ya kumbeba, na wazazi wote wawili wanapimwa kwa mizani moja: ustawi wa mtoto. Kifungu hicho hicho cha 125 kinaitaka mahakama iangalie pia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha. Mtoto aliyekaa Tumbi miaka tisa, mwenye marafiki, walimu na bibi wa karibu, ana kitu ambacho hakimu hatakivunja kwa sababu ya keki ya kuzaliwa.

Chanzo cha imani hii ni zaidi ya kimoja. Mwaka 1963 Serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila, lililoandikwa kwa kufuata makabila yanayohesabu ukoo kwa baba, na humo mtoto ni wa upande wa baba. Kuna pia mafundisho ya dini kuhusu umri wa mtoto kulelewa na mama, ambayo madhehebu ya Kiislamu yenyewe yanatofautiana. Ajabu ni kwamba Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na sehemu kubwa ya ukanda huu, tangu zamani walihesabu ukoo kwa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa kuliko baba. Anayesema "mila yetu inasema mtoto ni wa baba" hapa Pwani huenda anazungumzia mila ya mahali pengine.

Mila zina nafasi yake. Kifungu cha 125 kinamtaka hakimu aangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wahusika. Ila vyote vitatu viko chini ya ustawi wa mtoto, ambao sheria inauita jambo la kwanza kabisa. Kuhusu sauti ya mtoto, tangu miaka ya 1980 Mahakama Kuu imekuwa ikisisitiza kwamba mtoto mwenye umri wa kuwa na maoni lazima asikilizwe. Mara nyingi hakimu humwita ofisini, wazazi wakibaki nje, na kuzungumza naye taratibu. Mtoto aliyefundishwa maneno ya kusema hujulikana upesi. Kumfundisha huwa kunamrudia aliyemfundisha.

Na baba anayekuja na gari kumchukua mtoto bila amri? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kutoka kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye. Vivyo hivyo mama anayemficha mtoto kijijini ili baba asimwone wakati amri imempa baba siku za kuonana naye anavunja amri. Anayedhani ana sababu nzuri aipeleke kwa hakimu kwanza.

Kiasi cha matunzo hupimwaje

Hakuna jedwali la viwango Tanzania. Hakuna sheria inayosema mtoto mmoja ni shilingi kadhaa au asilimia kadhaa ya mshahara. Wapo wanaolalamika kwamba jambo hili linafanya amri zitofautiane sana, na wana hoja. Lakini kiwango kilichogandishwa nacho kina hatari yake. Ile sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyofutwa na Sheria ya Mtoto mwaka 2009, iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na iliendelea kusema hivyo mpaka shilingi 100 ikawa haitoshi hata nauli ya kwenda mahakamani kuidai.

Leo mahakama inaongozwa na kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto. Inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote linalopunguza uwezo wa mzazi kupata kipato, wajibu alionao wa kutunza watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Angalia hilo la wazazi wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka mzigo wa matunzo kwa baba kwanza, na mama akaingia pale baba anapokuwa amekufa, hajulikani alipo au hawezi. Sheria ya Mtoto inazungumzia wajibu wa mzazi bila kutaja jinsia. Mama mwenye mshahara wa serikali asishangae akiulizwa anachangia nini, ingawa yule anayempikia, kumfulia na kukesha naye akiwa na homa tayari anachangia, na hilo naye aliseme.

Jambo la watoto wengine huleta ugomvi zaidi ya yote. Baba ameoa tena, ana watoto wawili wadogo Kongowe, anasema hawezi kutoa kama zamani. Sheria inamruhusu kulitaja. Haimruhusu kuwafuta watoto wa kwanza kwa sababu wamekuja wa pili. Na kifungu cha 26 kinampa mtoto ambaye wazazi wake wameachana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla hawajaachana, kwa hiyo hesabu haianzi kwenye kile baba anachoona kinafaa.

Nenda na hesabu iliyoandikwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa, kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016 na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na mzazi anayedaiwa hupenda kusema "shule si bure?" Mjibu kwa karatasi: sare, viatu, madaftari, nauli ya kwenda na kurudi kwa siku za shule katika mwezi, chakula cha mchana, mchango uliokubaliwa na wazazi, bima au gharama za hospitali, sehemu ya kodi ya nyumba. Ukiandika "matumizi 300,000" bila kufafanua, hakimu hana pa kushika.

Kwa mapato ya mzazi mwingine, hati ya mshahara ni rahisi. Wengi hapa kwetu hawana hati. Ni bodaboda, mafundi, wauza mkaa, wavuvi, wenye vibanda. Hapo kinachosaidia ni ushahidi wa mambo yanayoonekana: leseni ya biashara, kadi ya pikipiki yenye jina lake, nyumba anayopangisha, jirani au mjumbe anayejua shughuli zake. Mahakama haihitaji shilingi kwa shilingi, bali inahitaji picha inayoaminika.

Pa kuanzia

Huhitaji kurudi kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sharti la kupita barazani ni la anayeomba talaka, na talaka mlishapata. Bado kuna watu wanazungushwa wiki kadhaa wakitafuta cheti cha baraza kwa ajili ya ombi lisilohitaji cheti.

Njia salama ni kuanza kwenye mahakama iliyotoa amri, kwa sababu jalada liko pale. Chini ya Sheria ya Ndoa, Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, kwa hiyo amri yako inaweza kuwa imetoka Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya ya Kisarawe au Mahakama ya Hakimu Mkazi ya Pwani pale Kibaha. Kama mliachana mkiishi Dar es Salaam na sasa uko Tumbi, jalada lako bado liko Dar. Muulize karani kama ombi linaweza kusikilizwa karibu nawe, lakini usifungue shauri jipya Kibaha ukijifanya hakuna amri ya kwanza. Amri mbili zinazopingana hazimsaidii mtu.

Dirishani swali la kwanza litakuwa: "Mama, nakala ya amri unayo?" Kama huna, omba nakala kwanza, ukitaja namba ya shauri na mwaka. Kwenye Mahakama ya Mwanzo ombi linaweza kuwa la maandishi ya kawaida, au ukalieleza kwa mdomo likaandikwa. Mahakama za juu zinataka maombi rasmi yanayoambatana na kiapo, na hapo msaada wa mtu anayejua sheria una faida. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo usikubali kusaini kiapo cha Kiingereza usichokielewa.

Katika ombi andika mambo manne kwa ufupi: amri ilisema nini na lini, hali ilikuwaje wakati ule, nini kimebadilika, na unaomba mahakama iandike nini badala yake. Hilo la mwisho husahaulika. Watu hueleza mateso yao kurasa tatu bila kusema wanataka kiasi gani, au mtoto akae wapi na amwone mzazi mwingine siku zipi.

Mwenzako ataitwa ajibu. Kati ya hapo na uamuzi, mtu muhimu ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Katika mashauri yanayoendeshwa chini ya Sheria ya Mtoto, afisa huyu huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Sheria ya Ndoa nayo inaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, ingawa haifungwi na ushauri huo. Afisa atakuja nyumbani, ataangalia mtoto analala wapi, ataongea na mwalimu na majirani. Wapo wanaopaka rangi ukuta siku hiyo. Anachokitafuta ni daftari la mahudhurio ya shule, kadi ya kliniki, na namna mtoto anavyomkaribia mtu anayeishi naye.

Mkikubaliana wenyewe, vizuri zaidi, na mahakama nyingi zitafurahi. Lakini makubaliano yaliyoandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, hata yakiwa na muhuri wa mwenyekiti, hayafuti amri ya mahakama. Mama akikubali kwa mdomo kupokea 40,000 badala ya 60,000, kisha mkagombana baada ya mwaka, ile tofauti inaweza kudaiwa. Pelekeni makubaliano hayo mahakamani yaingizwe kwenye jalada kama amri mpya. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu mahakama hata kubadilisha makubaliano ya wazazi wenyewe hali ikibadilika, kwa hiyo wala hamjifungi milele.

Bibi, na mama aliye Muscat

Katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe mtoto hayuko kwa baba wala kwa mama. Yuko kwa bibi. Mama amepata kazi za nyumbani Oman, au yuko Kariakoo anauza nguo na kurudi mara moja kwa mwezi. Amri inasema mtoto akae na mama, pesa za baba zinaingia kwenye simu ya mama, na bibi yuko Maneromango anahangaika na unga.

Mzazi kwenda kufanya kazi mbali ni mabadiliko makubwa ya hali kwa tafsiri yoyote. Hayamaanishi moja kwa moja kwamba baba apewe mtoto. Baba anaweza kuomba, na mama anaweza kujibu kwamba mtoto ametulia kwa bibi yake na kwamba yeye anatuma pesa. Ila kuna la tatu ambalo wachache wanalijua: bibi mwenyewe ni mtu mwenye maslahi, na Sheria ya Mtoto inamtaja ndugu kuwa mmoja wa wanaoweza kuomba kukaa na mtoto au kuomba matunzo yake. Anaweza kuomba atambuliwe na pesa za matunzo zipitie kwake. Bila hivyo, siku shule au hospitali ikitaka saini ya mlezi, au siku mzazi mmoja akifariki na ndugu wakaja na maneno yao, bibi aliyelea miaka minane hana karatasi. Mama anayepanga safari anafanya vema kulishughulikia kabla ya kupanda ndege, maana kufuatilia shauri kutoka Muscat kwa ujumbe wa simu ni kazi.

Kumtoa mtoto nje ya nchi ni jambo jingine. Mahakama inaweza kuzuia mtoto asitolewe Tanzania, na anayehofia hilo aombe zuio mapema.

Pesa na kuonana ni vitu viwili

"Halipi, kwa hiyo hamwoni mtoto." "Simwoni mtoto, kwa hiyo silipi." Sentensi hizi mbili ndizo zinazojaza ofisi za ustawi wa jamii. Zote mbili hazikubaliki. Matunzo ni haki ya mtoto, na kumwona mzazi wake pia ni haki ya mtoto, isipokuwa mahakama imeona kuna hatari. Mzazi asiyelipwa aende kudai malimbikizo, ambayo sheria inayatambua kama deni na mahakama ina njia za kulikazia, ikiwemo kukata kwenye mshahara. Asiliache lilale miaka. Mzazi anayenyimwa kuonana na mtoto aombe amri itekelezwe au iandikwe upya kwa uwazi zaidi. "Atamwona mara kwa mara" ni amri inayozaa ugomvi. "Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni, na nusu ya kila likizo" inatekelezeka.

Kama sababu ya kumzuia ni kwamba mtoto anarudi na majeraha, hapo usisubiri tarehe ya shauri. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, chukua fomu namba 3 ya polisi, mtoto apimwe hospitali. Karatasi hizo ndizo zitakazozungumza mahakamani.

Anayelipa alipe kwa njia inayoacha alama: simu, benki, au kupitia ofisi iliyotajwa kwenye amri. Magunia ya mchele na viatu vya sikukuu ni jambo jema, lakini kama amri inasema pesa, mchele hautahesabiwa bila mwenzako kukubali. Mkono kwa mkono bila saini ni sawa na kutolipa siku ya hesabu.

Amri hukoma lini? Kwa kawaida mtoto akifikisha miaka 18. Sheria ya Mtoto inaruhusu kuomba iendelee kama bado anasoma au yuko mafunzoni, lakini haiendelei yenyewe. Mtoto wengi huitimiza akiwa kidato cha tano au cha sita, kwa hiyo ombi hilo lipelekwe kabla ya siku ya kuzaliwa.

Waliooana au kuachana Zanzibar wana njia yao. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara tu. Kule Waislamu hupeleka mambo haya Mahakama ya Kadhi, chini ya sheria ya mwaka 2017, na iko Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011. Huku Bara BAKWATA na masheikhe wanaweza kusuluhisha na kushauri, lakini barua yao haibadilishi amri ya mahakama kuhusu mtoto.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imewatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi ngazi ya kata na vijiji. Ofisi ya maendeleo au ustawi wa jamii ya halmashauri inawajua walio karibu nawe. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya simu ya bure ni 116.